Mtu Aliyekosa Mkwaju wa Mwisho



Usiku wa Jumapili, tarehe 6 Februari 2022, tuliketi na vijana wa parokia katika ukumbi wetu mdogo tukitazama fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika kati ya Senegal na Misri, iliyochezwa Yaoundé, Kamerun. Vijana walikuwa wameomba ruhusa tangu Jumatano, nasi tuliitoa kwa sharti moja tu, kwamba mtu asije akasingizia mpira kesho yake kwa kuchelewa kazini au shuleni. Mchezo ulianza saa nne usiku kwa saa zetu. Dakika ya saba Senegal walipata penalti, Sadio Mané akaiweka mpira mbele yake, akapiga kwa nguvu, na kipa wa Misri, yule wanayemwita Gabaski, akaupangua. Ukumbi ulicheka. Kijana mmoja aliyeketi nyuma alisema kwa sauti, “Huyu ndiye atakayewaua wenzake leo.”

Hatukucheka. Picha ilikuwa imehama kwa Mané ikamwonyesha kocha wa Senegal akiwa amesimama pembeni ya uwanja, mwanaume mrefu mwenye nywele ndefu za rasta, uso wake mkavu kabisa. Vijana hawakujua kwamba mtu yule, miaka ishirini kasoro siku nne kabla ya usiku ule, alikuwa amesimama yeye mwenyewe mbele ya kipa katika fainali ya kombe hilohilo akiwa nahodha wa nchi hiyohiyo, naye akakosa. Wengi wao mwaka huo walikuwa hawajazaliwa.

Jina lake ni Aliou Cissé. Tumetaka kwa muda mrefu kuandika habari zake, nasi tumekuwa tukiahirisha kwa sababu kila tulipoanza tulijikuta tunaandika habari zetu wenyewe. Leo tutaandika zote mbili, na msomaji atatuvumilia.

Cissé alizaliwa tarehe 24 Machi 1976 huko Ziguinchor, mji mkuu wa jimbo la Casamance, kusini mwa Senegal. Atakayetazama ramani ataona jambo la ajabu: nchi ya Gambia imeingia ndani ya Senegal kama kisu ndani ya mkate, hata Casamance ikabaki upande wake ikiwa imetengwa na Dakar. Ni nchi ya mvua, ya mashamba ya mpunga na mito. Waislamu na Wakristo wanaishi humo pamoja, mara nyingi katika ukoo mmoja. Alipokuwa na umri wa miaka tisa alipelekwa Ufaransa, akakulia Champigny-sur-Marne, kitongoji kilicho karibu na Paris. Alijifunza mpira katika timu ya Lille, akachezea Sedan, kisha Paris Saint-Germain. Alikuwa kiungo mkabaji. Hao ni wachezaji wanaofanya kazi ambayo watazamaji hawaioni mpaka siku isipofanyika: kukata pasi za adui, kuziba pengo, kuchukua kadi ya njano ili mwenzake apumue. Magoli yake ni machache na hatuwezi kumsimulia mtu bao lake hata moja.

Mwaka 2002 ndio uliomfanya mtu huyu, na kwa maana nyingine ndio uliomvunja. Tunaomba kukaa katika mwaka huo kidogo.

Mwezi wa Februari, Senegal walifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yao. Ilichezwa Bamako, Mali, tarehe 10. Wapinzani wao walikuwa Kamerun, mabingwa watetezi. Dakika tisini zikapita bila goli, na muda wa nyongeza ukapita bila goli, ikawa mikwaju ya penalti. Cissé alikwenda kupiga wakati Kamerun wana mabao matatu na Senegal mawili. Kama angefunga, upigaji ungeendelea. Kipa Alioum Boukar akauzuia mpira, na kombe likaenda Kamerun.

Mtu anayejua hesabu ataona kwamba Senegal walifunga mikwaju miwili tu, na kwa hiyo Cissé hakuwa peke yake aliyekosa. Lakini ndivyo tulivyo sisi wanadamu. Waliokosa mwanzoni husahauliwa, na aliyekosa mwisho hubeba mzigo wa wote. Isitoshe, alikuwa nahodha.

Sisi wakati huo tulikuwa frateri wa mwaka wa pili wa falsafa. Habari ya fainali ile tuliipata redioni asubuhi, nayo ilipita kama habari nyingine yoyote. Ilipofika tarehe 31 Mei ndipo tulipomwona mtu huyo kwa macho. Gombera wetu, ambaye hakuwa mtu wa michezo hata kidogo, aliruhusu mafrateri watazame mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia, Ufaransa dhidi ya Senegal, kutoka Seoul, Korea ya Kusini. Ufaransa walikuwa mabingwa wa dunia wa mwaka 1998 na mabingwa wa Ulaya wa mwaka 2000. Dakika ya 30 Papa Bouba Diop akafunga, na baada ya hapo Senegal wakalinda bao hilo moja mpaka mwisho. Hatujapata kusikia kelele kama zile ndani ya seminari. Mwenzetu mmoja alivunja kiti. Kocha wao alikuwa Mfaransa, Bruno Metsu, na nahodha wao alikuwa yule aliyekosa Bamako. Walikwenda mpaka robo fainali, wakatolewa na Uturuki kwa goli la dhahabu, timu ya pili ya Afrika kufika hatua hiyo baada ya Kamerun ya mwaka 1990.

Mtu angedhani kwamba mwaka ule umemalizika hapo, na kwamba jeraha la Februari limeponywa na Mei na Juni. Cissé akahamia Uingereza kuchezea Birmingham City. Kisha ukafika usiku wa tarehe 26 Septemba.

Kwa kuwa Casamance imetengwa na Dakar, na kwa kuwa barabara ilikuwa ya hatari kwa sababu ya vita vya wanaotaka kujitenga vilivyoanza mwaka 1982, watu wengi walisafiri kwa meli. Meli hiyo iliitwa Joola. Ilikuwa na uwezo wa kubeba watu wasiozidi 600, abiria pamoja na mabaharia. Siku ile ilibeba zaidi ya 1,900. Wengi walikuwa wanafunzi waliokuwa wanarudi masomoni Dakar, na akina mama waliokuwa wanapeleka mawese na matunda sokoni. Usiku, ikiwa mbele ya pwani ya Gambia, upepo na mvua vikaipiga ikapinduka. Hesabu ya serikali ni kwamba walikufa watu 1,863, wakapona 64. Msaada rasmi ulichelewa mpaka kesho yake, na wengi wa waliookolewa waliokolewa na wavuvi.

Katika waliokufa walikuwamo watu zaidi ya kumi wa familia ya Aliou Cissé, akiwamo dada yake.

Wapendwa, msomaji wa kandokando ya Ziwa Victoria hahitaji kuelezwa zaidi. Tulikuwa seminari ndogo asubuhi ile ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, habari za MV Bukoba zilipoingia. Meli ile ilisajiliwa kubeba abiria 430, nayo ilizama karibu kabisa na Mwanza, watu wakiwa tayari wanafunga mizigo yao. Mwenzetu wa kitanda cha jirani alikuwa anamtarajia mama yake, aliyekuwa anakuja na ndizi na barua. Alingoja siku nne langoni. Hakulia mbele yetu. Tunachokumbuka ni kwamba kila alasiri alikwenda uwanjani akapiga mpira ukutani, peke yake, mpaka giza lilipoingia, nasi tulioona tukashindwa kumfikia kwa sababu hatukujua neno la kusema. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tulikwenda kuzika, na tuliwaona watu wazima wakisimama vilevile, mikono ikiwa haina kazi.

Kwa hiyo tunaposoma kwamba kiungo wa Birmingham aliendelea kucheza msimu ule, hatusemi kwamba alikuwa na moyo mgumu. Tunaelewa kidogo mpira wa ukutani.

Magazeti yaliyoandika habari za Cissé baada ya mwaka 2022 yanapenda kuziweka huzuni hizi mbili katika kapu moja: alikosa penalti, akapoteza ndugu zake, kisha akashinda kombe, machozi yakafutwa. Sisi tunakataa kuzichanganya. Mkwaju uliokosa Bamako unaweza kujibiwa na mkwaju mwingine, hata kama itachukua miaka ishirini. Meli haijibiwi na kombe. Walioizikwa Mbao, nje ya Dakar, katika makaburi mengi yasiyo na majina, hawakurudishiwa chochote na ushindi wa Yaoundé, na ndugu zao kwa miaka mingi wameendelea kuomba meli iinuliwe kutoka chini ya bahari ili waliobaki ndani nao wazikwe. Mtu anaweza kuwa na huzuni mbili, moja ikatibika na nyingine isitibike, naye akaendelea kuamka asubuhi na kwenda kazini.

Baada ya Birmingham alichezea Portsmouth, akarudi Sedan, akamalizia Nîmes, akaacha kucheza mwaka 2009. Tunapita haraka hapo. Mwaka 2013 akapewa vijana wa Senegal walio chini ya miaka 23, na mwezi wa Machi 2015 akawa kocha wa timu ya taifa baada ya Mfaransa Alain Giresse. Wengi hawakufurahi. Walisema hana uzoefu, na baadhi walisema yale ambayo Mwafrika huambiwa na Waafrika wenzake, kwamba kazi hiyo inahitaji mzungu. Katika Kombe la Dunia la 2018 kule Urusi, kati ya makocha 32 alikuwa mweusi peke yake, na alikuwa mdogo kuliko wote kwa umri. Senegal waliifunga Poland 2-1, wakatoka sare na Japani 2-2, wakafungwa na Kolombia 1-0. Wakalingana na Japani kwa pointi, kwa magoli na kwa kila kitu, wakatolewa kwa sababu walikuwa na kadi za njano sita na Japani nne. Yule mkabaji wa zamani, aliyeishi kwa kadi za njano, akatolewa na kadi za njano. Tukisoma jambo hilo katika riwaya tungesema mwandishi amezidisha.

Mwaka 2019 kombe lilichezwa Misri, nasi tulikuwa na sababu ya kulitazama, kwa kuwa Taifa Stars walikuwa wamerudi huko kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980. Tulipangwa kundi moja na Senegal, Algeria na majirani zetu wa Kenya. Senegal wakatufunga 2-0, na Kenya 3-0. Kocha wetu, Emmanuel Amunike wa Nigeria, naye alikuwa mchezaji aliyegeuka mwalimu, na maisha yake ya uwanjani yalikuwa kinyume kabisa na ya Cissé: ndiye aliyefunga mabao yote mawili ya Nigeria katika fainali ya kombe hilo mwaka 1994. Tulipoteza mechi zote tatu na akaondoka. Tunalitaja si kwa kumlaumu, maana kikosi chetu kilikuwa kile tulichokuwa nacho, ila kwa sababu limetufikirisha. Utukufu wa uwanjani haumfuati mtu mpaka kwenye benchi la ufundi. Huenda kushindwa ndiko kunakofuata.

Senegal walifika fainali Cairo wakafungwa na Algeria 1-0, kwa bao la dakika ya pili lililomgusa beki likapaa juu ya kipa. Kocha wa Algeria, Djamel Belmadi, alikulia Champigny-sur-Marne, kitongoji kilekile cha Cissé, naye alizaliwa siku moja tu baada yake. Watoto wawili wa mtaa mmoja, mmoja akabeba kombe na mwingine akabaki akitazama. Sasa Cissé alikuwa amepoteza fainali kama nahodha na fainali kama kocha.

Hapo ndipo tunapomrudia Sadio Mané, ambaye habari yake haitengeki na ya mwalimu wake.

Mané ni mtoto wa Casamance vilevile, wa kijiji cha Bambali. Mwezi wa Januari 2017, katika robo fainali ya kombe lililochezwa Gabon, Senegal walikwenda kwenye mikwaju ya penalti dhidi ya Kamerun, walewale. Mané alipiga wa mwisho upande wa Senegal, akakosa, na nchi ikatoka. Alilia uwanjani kama mtoto. Kocha wake alikuwa mtu pekee katika uwanja ule aliyejua kwa mwili wake jinsi inavyokuwa kukosa mkwaju wa mwisho dhidi ya Kamerun ukiwa umevaa jezi ya Senegal. Mwaka 2019 Mané akakosa tena penalti mbili: moja ilizuiwa na Patrick Matasi wa Kenya, nyingine na Denis Onyango wa Uganda. Ingawa alifunga mabao mengine katika mechi hizohizo, watu walianza kusema asipige tena.

Ndivyo tulivyofika usiku ule wa Yaoundé na ile ya dakika ya saba.

Mchezo uliendelea bila goli, muda wa nyongeza ukaisha, na saa saba usiku ilikuwa inakaribia. Vijana wawili walikuwa wamelala kwenye mkeka. Mikwaju ikaanza. Misri wakakosa mmoja uliogonga mwamba, Senegal wakakosa mmoja, kisha kipa Édouard Mendy akazuia wa nne wa Misri. Aliyepangwa kupiga wa tano upande wa Senegal alikuwa Mané.

Tunaomba msomaji atafakari jambo hilo. Kwa kawaida kocha ndiye mwenye neno la mwisho juu ya orodha ya wapigaji. Wangeweza kupatikana wengine. Hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu Cissé kwa kumficha Mané baada ya yale ya dakika ya saba, ya Cairo na ya Gabon. Hatujui walisemezana nini, na hatutaki kubuni. Tunajua tu kwamba Mané alitembea kutoka katikati ya uwanja, akapiga, ikaingia, na Senegal wakawa mabingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza, 4-2. Mwezi uliofuata timu hizohizo zikakutana tena Senegal kugombea nafasi ya Kombe la Dunia, wakafika tena kwenye penalti, na Mané akapiga tena wa mwisho, akafunga.

Vijana waliamka kwa kelele, wakakumbatiana kana kwamba sisi ni Wasenegali. Yule aliyesema “ndiye atakayewaua” alikuwa anaruka kuliko wote. Nasi tulitoka nje tukasimama chini ya mwembe, kwa sababu tulikuwa tumekumbuka jambo ambalo kwa miaka kumi tulikuwa tumelikwepa.

Mwaka 2012 tulikuwa paroko msaidizi katika parokia nyingine, na tulikabidhiwa vijana. Tulikuwa na timu, na timu ilifika fainali ya mashindano ya dekania. Kombe lenyewe lilikuwa la bati lililopakwa rangi ya dhahabu, lakini tulilitaka kuliko tulivyopaswa. Ikawa penalti. Wa mwisho alipiga kijana wa miaka kumi na sita, mtoto wa mjane, mwembamba, asiyesema sana, aliyekuwa pia akiimba kwaya. Akapiga juu ya mwamba. Tulikuwa tumesafiri kwa lori la kukodi. Tukiwa njiani kurudi tulisimama dukani tukawanunulia wachezaji soda. Yeye alikuwa ameketi nyuma kabisa, juu ya tairi la akiba, uso ameuinamia. Kreti ilipopita tulisema, kwa sauti ambayo wote waliisikia, kwamba waliocheza wapewe kwanza na aliyetuuzia kombe atasubiri. Tulidhani ni utani. Wote walicheka, na soda zikaisha kabla hazijamfikia. Tuliona kwamba zimeisha, na duka lilikuwa hatua kumi kutoka pale tulipokaa. Hatukushuka.

Kijana yule hakuja tena mazoezini, wala kwaya. Baada ya miezi michache tuliambiwa ameacha shule amekwenda visiwani kuvua dagaa. Tulijiambia kwamba ni umaskini wa nyumbani kwao, na umaskini ulikuwapo kweli. Lakini tulijua pia habari ya lori.

Siku chache baada ya fainali ya Yaoundé tukaanza kuuliza. Ilituchukua karibu miezi mitatu. Tulimpata kwenye mwalo mmoja, mtu mzima sasa, mabega mapana, ana mke na watoto wawili. Ilikuwa asubuhi, dagaa wametandazwa mchangani kukauka, na yeye alikuwa anakagua taa za mtumbwi, maana siku za giza zilikuwa zinaanza na wangeingia ziwani jioni. Alisimama alipotuona, akasema, “Shikamoo, Padre,” kama vile tulionana juzi. Tulijibu, kisha tukamweleza tulichojia. Tulikuwa tumetayarisha maneno mengi, tukamsimulia hata habari ya Cissé na Mané, jambo ambalo sasa tunaliona la kipuuzi kidogo, maana mtu alikuwa kazini.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema fainali aliitazama, hapohapo mwaloni, kwenye kibanda chenye jenereta. Kisha akasema, “Padre, ile penalti nilishaisahau. Kila mtu anakosa. Ile soda ndiyo sikuisahau.”

Tulimwomba radhi. Alinyamaza kitambo akakwangua kioo cha taa kwa ukucha, akasema, “Haya, Padre, yameisha,” kwa namna ambayo mtu husema akitaka mazungumzo yaende mahali pengine, nasi tukazungumza bei ya dagaa.

Aliou Cissé aliiongoza Senegal zaidi ya miaka tisa. Katika Kombe la Dunia la 2022 kule Qatar walivuka kundi lao kwa kuifunga Ekwado tarehe 29 Novemba, siku ambayo ilitimia miaka miwili tangu Papa Bouba Diop afariki, kisha wakatolewa na Uingereza 3-0. Mwezi wa Januari 2024, wakiwa mabingwa watetezi, walitangulia kuifunga Ivory Coast mapema kabisa, wakarudi nyuma kulinda, nasi tuliona kwamba walirudi nyuma mno. Wenyeji wakasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache, na penalti zikawatoa mabingwa. Mpira wa Cissé ulikuwa hivyo, wa tahadhari, na wakati mwingine ulichosha macho. Waliomlalamikia hawakuwa wajinga wote. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo mkataba wake haukuendelezwa, na nafasi yake ikachukuliwa na Pape Thiaw, aliyekuwa mchezaji mwenzake katika kikosi cha 2002. Mwezi wa Machi 2025 Cissé alitangazwa kuwa kocha wa Libya.

Kijana wetu hajarudi kwaya. Tulimpigia simu usiku ule Ivory Coast walipoitoa Senegal, tukidhani anatazama. Mke wake alipokea akasema baba watoto yuko ziwani, ni siku za giza, na kwamba atamwambia Padre alipiga. Asubuhi alitutumia ujumbe mfupi, akiuliza nani alikosa.